Gitaa ya Papa Imepata Nyuzi

Masisi, Alhamisi, kiangazi cha 1956

Baridi ya huku imenitafuna tangu alfajiri na ukungu haujaondoka milimani, lakini moyo wangu una joto. Leo nimehudumiwa vizuri, na nimekata shauri.

Jumamosi mdogo wangu Veronika anaolewa Pinga. Kwetu Nyabiondo binti hatoki uani peke yake: baba yake humsindikiza hadi kijitoni, ndipo wakwe wampokee. Papa yetu hayupo tena. Veronika hakulia. Aliniomba tu nimpigie wimbo wa Papa kwa gitaa aliyoniachia, ili naye asindikizwe na baba kama wengine.

Nilikubali kabla ya kufikiri. Nyuzi za gitaa zilikuwa zimekatika siku nyingi, nikafunga waya za breki ya baiskeli, zinazokata vidole na kulia kama bawaba ya mlango. Tena mimi huipiga ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kwetu wanawake huimba na wanaume hupiga gitaa. Shangazi amekwisha kusema kwamba nikionekana nayo uani nitawaaibisha mbele ya wakwe.

Kwa hiyo niliifunga ndani ya kikwembe, nikaibeba mgongoni kama mtoto, nikafuata njia ya Masisi.

Kwenye duka la kwanza hawakuigusa. Waliniambia nimtume mwenye gitaa. Nilipofika kwa Papa Anselemi, fundi wa ala za muziki, nikawahi kusema kuwa ni ya kaka yangu Deo.

Nilidanganya, na ulimi haukukwama hata kidogo.

Papa Anselemi hakuzicheka waya zangu. Alizifungua polepole, akafuta vumbi, akasugua mahali zilipokuwa zimekula mbao. Alifunga nyuzi mpya, kila mmoja akauvuta kwa kidole na kuukaza tena ili usilegee njiani. Aliuliza sauti ya kaka ikoje. Nikajibu ni nzito. Alipomaliza nilinyoosha mikono nipokee.

Hakunipa.

"Kaka akuye mwenyewe," alisema. "Hapa gitare haitokake kama mwenyewe hayaipiga mbele yangu. Kama nimekosea, nitengeneze leo."

Njia ya mwongo ni fupi. Deo yuko Nyabiondo, na vidole vyake havijui uzi hata mmoja. Barazani walikaa wanaume wakingojea gramafoni yao, na wote walinitazama. Ningeweza kuaga, niseme nitarudi naye. Ningefika nyumbani mikono mitupu, na Veronika angetoka uani kimya.

"Iko yangu, Papa," nikasema. "Mimi njo naipigaka."

Mmoja wa wale wanaume alicheka. Papa Anselemi hakumgeukia. Alinisogezea kigoda, akaniambia niimbe kwanza bila gitaa. Niliimba wimbo wa Papa, magoti yakitetemeka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza upya kukaza nyuzi zote, maana alikuwa amezipanga kwa sauti ya Deo, ambaye hata kanisani haimbi.

Ndipo nikapiga. Mara ya kwanza nilipotea katikati, akangoja nianze tena. Mara ya pili nilifika mwisho, na yule aliyecheka alikuwa anapigapiga mguu chini. Sijamsamehe bado, lakini nilimwona.

"Sasa njo inaweza kwenda," Papa Anselemi akasema, akanikabidhi gitaa kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mwenzake mali yake.

Nilitoka pale nikitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Shangazi bado hajui. Namwogopa kuliko wanaume wote wa baraza ile, na najua atakavyonuna. Atasema baba hasindikizi binti kwa mikono ya mwanamke. Nitamjibu kwa heshima kwamba mikono hii Papa ndiye aliyeifundisha. Akinuna, anune. Hadi kijitoni nitafika, nikipiga.

Je, nitatetemeka tena? Bila shaka. Leo pia nilitetemeka, na wimbo ukaisha.

Kesho naondoka mapema. Gitaa nitaishika mkononi njia nzima, anayetaka kuiona aione. Kikwembe nitajifunga kiunoni.