Mto wa Sufi na Shati la Fundi

Tarehe 3 Februari

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti ndiyo yanagoma asubuhi, lakini mkono wa sindano ni ule ule. Wewe na wanao hamjambo? Na mgonjwa wetu anaendeleaje huko kwako?

Barua yako nimeisoma pole pole, maana herufi zako na macho yangu havijuani. Unasema daktari kamkataza mama yako manyoya. Huyo daktari pengine mwenyewe analalia mto wangu. Nimeanza kujaza manyoya ya bata wewe huna meno, na mama yako kalala juu yake miaka yote hiyo. Alikuwa akikohoa, ndiyo. Nani hakohoi? Mto aliokuja nao sijawahi kushona mzuri kama ule. Mrudishie, apone, arudi. Nyumba imepoa.

Baba yako, fundi magodoro

Tarehe 20 Februari

Shikamoo baba,

Sisi hatujambo, ila mama. Mto nilimrudishia kama ulivyosema, na mwenyewe aliung'ang'ania. Kulipokucha tulikuwa hospitali, kifua kinapiga filimbi, anaivuta pumzi kama kitu kizito. Mto umetoka nyumbani mwangu, usinigombeze.

Nimezunguka madukani. Wa sponji unamtoa jasho. Wa sufu ya kondoo una joto, anautupa chini. Wa pamba nilinunua, nikauchana, kumbe wamechanganya manyoya katikati. Sasa analalia shuka lililokunjwa na shingo imekakamaa. Baba, ya daktari tumwachie daktari. Wewe niambie alalie nini.

Mwanao

Tarehe 11 Machi

Marahaba mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Sasa umemuuliza mwenyewe.

Pamba tupu ni nzuri lakini nzito, ikizoea kichwa inafanya mabonge. Sufi ndiyo yake. Imetoka mtini, nyepesi, inaishika shingo. Nimepata mpya, nimetoa mbegu, nimeikung'uta vumbi, nimeianika. Kitambaa ni cha pamba kilichofumwa kwa karibu, nimekichemsha. Karakana yangu imejaa manyoya, sikuigusa. Nimeshonea barazani kwa fundi baiskeli, mikono nimeisugua mpaka ngozi inalia. Akanicheka, "Mzee, unashona mto au unapasua mtu?" Nikamwambia akaze spoku zake.

Unyoya hata mmoja hamna. Ukiuona, njoo unikate kidole.

Nimeutia kwenye nailoni, juu nikaufunga na shati langu la kazi, kama kila mto ninaoutoa kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo sahihi yangu. Shati lenyewe bovu, litupe. Mwambie chumba nimekipiga chokaa na karakana naihamishia uani. Aje tu.

Baba yako, fundi

Tarehe 9 Aprili

Binti yangu,

Hamjambo? Mbona kimya? Hapa wananiuliza kuhusu mto, nawajibu umefika, mgonjwa analala fofofo. Nasema hivyo kwa mdomo tu. Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako

Tarehe 30 Aprili

Shikamoo baba,

Nisamehe. Nilikuwa kwenye viti vya hospitali.

Mto ulifika, mama akaulalia vizuri kabisa, tukafurahi. Halafu kifua kikarudi, kibaya kuliko mwanzo, akalazwa. Nikausingizia mto wako. Niliufumua baba, nikaipekua sufi yote kwa vidole. Hamna unyoya. Nimeushona tena, mishono yangu ungeicheka.

Nilipogeuza godoro nikakuta shati lako. Nililitupa jalalani kwa mikono yangu, naye mama akalifuata, na kutembea kwenyewe hawezi. Vinyoya vimejaa mifukoni na kwenye pindo. Nilipomuuliza akasema, "Huu mto unanukia sabuni. Siujui."

Daktari anasema ile nyumba asiirudie hata ikipigwa chokaa, manyoya yamejaa darini. Na wewe ukija, sijui niandikeje. Shati nimelifungia. Kila siku ananiuliza liko wapi. Nifanyeje?

Mwanao

Tarehe 14 Mei

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima. Mpe mama yako pole, nyingi.

Kwa hiyo ndani ya mto hamkuwa na unyoya. Si nilikwambia.

Juzi nilifunga safari ya kuja. Nilioga, nikanyoa kichwa, nikavaa shati la dukani. Nikapita kwa fundi baiskeli kuaga. Akanishika bega, akanitoa kinyoya nyuma ya sikio. Hata kunicheka hakunicheka. Nikarudi ndani nikakaa. Mimi sijawahi kushindwa kulaza mtu, waulize wote. Mama yako ndiye sijui nimfanyeje.

Hilo shati lipindue mifuko, lifumue pindo, lifue kwa maji ya moto, lianike, ulifue tena, mpaka lisinukie kitu. Ndipo umpe. Atalinusa, atakasirika, namjua. Mwambie ni langu hivyo hivyo.

Baba yako