Bandari Tulizotembea na Ipyana

Mpemba, Tunduma
Alhamisi asubuhi

Kwa dada yangu mpendwa Fortunata,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetulinda tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja. Hujambo wewe? Shemeji Osea hajambo? Na Mama, miguu inamsumbuaje na baridi hii ya Itaka? Nimesikia kahawa imezaa sana mwaka huu na mmeshaanza kuchuma. Mungu awape nguvu za kumaliza. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Dada, najua umeshtuka kumwona Ipyana akiletwa na mtu usiyemjua. Huyo ni Mwanamvita, jirani yangu anayeuza vitenge pale sokoni. Mpokee kama ambavyo ungenipokea mimi. Mtoto hajambo, amenyonya kabla hawajaondoka. Sikukupigia kwa sababu simu yangu anakaa nayo mume wangu Gibson tangu wiki iliyopita. Naomba usome ukiwa umekaa, na usimsomee Mama mpaka wewe mwenyewe uone inafaa.

Unakumbuka nilivyokuambia kwamba Gibson ametuahidi safari ya meli? Ulicheka, ukasema wakala wa forodha ameoa mke wa kizungu. Mimi nilifurahi mno. Tangu nimzae Ipyana nilikuwa nashinda ndani nikisikiliza malori yakinguruma foleni ya mpakani, na mume wangu alikuwa akirudi amechoka. Siku moja akaja na zawadi. Lilikuwa begi la kubebea mtoto, lile la kisasa la kufunga kifuani, lenye mkanda mnene wa kiunoni. Nilimwambia mbeleko yangu inanitosha. Akanijibu kwa upole kwamba mke wake hawezi kupanda meli akiwa amefunga mtoto kama anakwenda kupalilia mahindi.

Tulivuka mpaka kwenda Nakonde, na Luka akatupeleka kwa gari hadi bandari ya Mpulungu, tulikopandia meli. Luka unamjua, ndiye dereva aliyekuja na posa yangu, yule aliyemchekesha Baba mpaka akamwaga togwa. Begi la mtoto Gibson aliliweka mwenyewe kwenye buti, hakutaka nimpakate nalo njiani. Sikuuliza kwa nini.

Dada, lile ziwa ni kubwa! Siku ya kwanza nilisimama tu nikitazama. Meli ilikuwa ikitia nanga bandari baada ya bandari, ikipakia dagaa na magunia, na kila iliposimama Gibson alikuwa akituambia tushuke tutembee. Alisema gari hupita tu, miguu ndiyo huona. Basi tukatembea. Mpulungu nilitembea kati ya wanawake wa Kibemba wanaoanika dagaa, wakimwita Ipyana bamayo, bamayo, yaani mama, ingawa ni mwanamume, kwa sababu ya mashavu yake. Kasanga tulipanda mpaka kwenye magofu ya boma la Wajerumani, jua linachoma, jasho la mtoto na langu limekuwa moja. Nilimwomba Gibson tubaki chumbani bandari inayofuata, maana ule mkanda ulikuwa mzito na umenichubua kiuno. Alikataa. Alisema chumba kinanuka mafuta na mtoto anahitaji hewa.

Kuna mambo mawili niliyaona nikayanyamazia. La kwanza, kila tulipokaribia geti la bandari, Gibson alikuwa anabaki nyuma kama mtu asiyetujua. Wakaguzi walifungua mabegi ya watu wote, lakini mimi walinipisha. Mmoja hata alimtekenya mtoto kidevu, akaniambia, “Pita mama, jua kali.” Nikishapita, Gibson alikuwa ananifikia mbele ya safari huku anatabasamu.

La pili ni mwanaume mmoja wa koti la kijivu. Alipanda nasi Mpulungu. Kila tuliposhuka naye alishuka, na kila tulipopumzika naye alipumzika mbali kidogo, akijifanya anatazama maji. Hakuwahi kutusalimu. Kule kwetu mtu asipokusalimu mara moja unasema hakukuona. Huyu alikuwa anatuona vizuri sana. Nilipomwonyesha Gibson, aliniambia nisinyooshee watu kidole.

Wakati huo Ipyana alikuwa anaota meno. Unajua watoto wanavyokuwa, kila kitu mdomoni. Alikuwa akiinamisha kichwa na kutafuna mshono wa mkanda wa begi, na mimi nikamwacha, nikaona bora atafune hicho kuliko kulia. Nisamehe, dada. Nilimwacha.

Tulipotoka bandari ya Kipili alilala. Nikamshukuru Mungu kwamba nami nitapumzika. Ulipofika wakati wa kunyonya nikamwamsha, hakuamka. Nikamtekenya nyayo, nikampaka maji usoni. Shingo ilikuwa inaanguka kama ya kuku aliyechinjwa, midomo imeanza kubadilika rangi, na pumzi inakuja, inakaa, inakuja tena. Nilipiga kelele mpaka Gibson akaja mbio.

Fortunata, sitasahau. Alisimama mlangoni, akamtazama mwanawe mikononi mwangu, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, “Begi liko wapi?”

Hakuuliza kama mtoto anapumua.

Aliyetusaidia ni abiria mwenzetu, muuguzi mmoja anaitwa Jenista. Alimfunua Ipyana macho, akaniambia mboni zimekuwa kama ncha ya sindano. Akaniuliza mtoto amepewa dawa gani. Nikaapa kwamba hajapewa kitu. Alimkalisha, akamsugua kifua, akampulizia pumzi kila ilipochelewa, akimwita kwa jina bila kuchoka, mpaka akalia. Kilio kidogo, kama cha paka. Jenista akaninong’oneza kwamba chochote kile alichotia mdomoni nikitafute, na nisimwambie mtu kabla sijakiona. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa anamtazama Gibson, aliyekuwa kule kwenye kona akilipapasa begi, akikagua mishono.

Gibson alipotoka kwenda kuzungumza na yule wa koti la kijivu, nilifumua mkanda kwa wembe. Ndani mlikuwa na vifuko vya nailoni vimepangwa kama matofali, na kimoja kimetoboka pale mtoto alipokuwa akitafuna. Ulikuwa unga, dada. Siyo unga tunaosaga sisi. Ni ule ambao watu wa mpakani wakiutaja huteremsha sauti.

Sasa nakuungamia jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua, hata Mwanamvita. Vile vifuko nilivimwaga vyote ziwani kupitia kidirisha. Kisha nikavijaza unga wa lishe wa Ipyana, ule tuliosaga pamoja kwako, nikavifunga, nikavirudisha, nikashona mkanda kwa uzi uleule. Sikufikiri mbele. Nilichotaka ni kile kitu kisimguse mwanangu tena. Kigoma nilishuka na mtoto kifuani, nikapita getini, na katika nyumba moja karibu na stesheni Gibson akalikabidhi begi kwa mikono yake mwenyewe.

Tuliporudi Mpemba nilimwambia najua. Alilia. Alisema wale watu walimpa chaguo ambalo si chaguo, na kwamba kila bandari vyumba vya meli hupekuliwa, ila mama mwenye mtoto hakaguliwi. Nilisubiri aseme samahani kwa Ipyana. Hakusema. Na mimi sikumwambia nilichofanya.

Wiki iliyopita yule wa koti la kijivu alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kochi langu, akanywa chai yangu, na kabla ya kuniuliza habari za nyumba aliniuliza mtoto siku hizi analalaje. Nikamjibu analala vizuri. Akasema, “Mshukuru Mungu. Watoto huenda ghafla.” Gibson alikuwa amekaa pembeni yake akitazama mikono yake. Alipoondoka, Gibson alinichukulia simu.

Gibson ameniambia wenye mzigo wamegundua unga si wao, na wameamua kwamba aliyeubadilisha ni Luka, maana begi lilisafiri kwenye buti la gari lake. Gibson anajua Luka hakuwahi hata kulifungua, lakini amenyamaza, kwa sababu akisema hivyo watamgeukia yeye. Jumapili Luka alitoka kwenda kuosha gari. Gari limeonekana karibu na mzani wa malori, milango wazi. Mwenyewe hajaonekana. Jana mkewe, Ruti, alikuja hapa na mimba yake kubwa, akapiga magoti mbele ya Gibson amsaidie kumtafuta mumewe. Gibson akamwambia asiwe na wasiwasi, wanaume wana safari zao. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni nimempakata mtoto.

Sikulala. Luka analipia tendo la mkono wangu. Kwa hiyo nimemwambia Gibson nampeleka mtoto kliniki. Nikimaliza kuandika, Mwanamvita anakuja kwenu na Ipyana, na mimi napanda gari la Vwawa kwenda polisi kusema yote, la ziwani na la begi. Jenista alinipa namba yake kule melini, akaniambia yuko tayari kusimama kama shahidi. Sijui nitalala wapi leo. Sijui kama Luka bado yu hai akisubiri kusemewa.

Mtu yeyote akija akisema nimemtuma kumchukua mtoto, hata akinitaja kwa jina la ubatizo, sikumtuma. Akija Gibson mwenyewe, na nadhani atakuja, mpe kiti, mpe maji, ale kama amefika na njaa. Mtoto usimpe.

Nisalimie Mama sana, umwambie nitakuja kumkanda miguu. Msalimie shemeji Osea, na majirani wote wanaoniulizia. Na Ipyana akiamka usiku akalia, usimnyamazishe haraka. Mwache alie kidogo, umsikie.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Enesi