Mwanamke Anayemfulia Mume Wangu Jezi

Alhamisi, mwishoni mwa Agosti 2021. Mount Druitt, Sydney.

Leo jua limetoka lakini halina kazi yoyote, baridi iko palepale. Helikopta ya polisi imezunguka juu ya mapaa yetu tangu asubuhi kuhakikisha tumetulia majumbani kwa sababu ya corona. Tumetulia. Mimi nilitulia kupita kiasi, na hilo ndilo ninalotaka kuliandika kabla sijapata ujanja wa kulificha.

Nina wivu.

Si ule wivu wa utani ambao watu husema ni dalili ya mapenzi. Huu wangu unanuka. Umenikaa kifuani tangu Machi, na leo umenifanyisha kitu ambacho sitakisahau.

Kwa aliyeingia leo kwenye blogu hii: mume wangu Deo anacheza besiboli, mchezo ambao kwetu Morogoro ukiutaja watu wanakuuliza kama ndio ule wa Wahindi. Yeye ni mrushaji, lakini si yule anayeanza mechi. Anakaa na wenzake wa akiba kwenye kibanda pembeni ya uwanja, na kwenye kibanda hicho kuna simu ya ukutani. Aliyeanza akichoka au akianza kupigwa, kocha anaipiga ile simu, na Deo anavua jaketi. Anakuta nyumba inaungua, anarusha mipira yake michache, anatoka. Siku nyingine simu hailii kabisa, anarudi kulala bila hata kutoa jasho.

Kwa kazi hiyo ameizunguka dunia. Uholanzi, Italia, Meksiko, Taiwan, na Marekani zaidi ya mara moja. Kila mahali wanampenda, halafu wanamwacha. Katikati ya timu na timu anarudi Sydney, anaendesha forklift kwenye maghala ya Wetherill Park, na jioni anarusha mpira kwenye ukuta wa uwanja wa shule akisubiri mtu amkumbuke. Ana miaka thelathini na minne, ambayo kwa mchezo wao ni uzee. Kinachombeba ni mkono wa kushoto. Warushaji wa kushoto ni wachache, hawatupwi haraka. Mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi na tunaishi naye hapa, aliufunga mkono huohuo kwa kitambaa kule Uvira, Kongo, ili mtoto azoee kula kwa wa kulia kama watu wenye adabu. Akisimulia anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Mwezi Machi Deo aliondoka tena kwenda Marekani kwa kibali maalumu, mipaka ikiwa imefungwa. Kisha serikali ikapunguza viti vya ndege za kurudisha watu nyumbani, na tiketi yake imeshasogezwa, ikasogezwa tena. Kwa sasa hatujui atarudi lini.

Kule amepanga chumba kwa mama mmoja mjane, anaitwa Dorothy. Ana miaka sabini na kitu, meno ya bandia, na mbwa kiziwi. Najua unachotaka kuniambia. Bibi alishanitangulia kukisema, tena mbele ya mwanangu Neema: "Weye mutu mukubwa, unaonea wivu mukongwe vile? Vraiment!"

Ndiyo, Bibi. Namwonea wivu mkongwe vile.

Namwonea wivu kwa sababu anafua jezi ya Deo na kuianika kwenye kamba yake. Anajua kama amelala vizuri. Mwezi wa sita aliweka picha mtandaoni, Deo ameketi mezani kwake anasoma gazeti, amevaa miwani. Miwani! Mume wangu ameanza kuvaa miwani na mimi mkewe nimejulishwa na picha ya mtu mwingine. Nilipomuuliza akasema, "Aa, hii ya kusomea tu, nilisahau kukuambia." Alisahau. Mimi ninayemhesabia mpaka nywele nyeupe za ndevu.

Tangu siku ile nikampa yule mama jina la Bi Mkubwa. Nilianza kwa mzaha. Sasa hata rafiki zangu wa kanisani wananiuliza, "Bi Mkubwa hajambo?" na mimi nacheka nao huku naumia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sipo. Niko huku nawaogesha wazee wa watu wengine, napimwa pua kila baada ya siku tatu ili niruhusiwe kuvuka mtaa kwenda kazini, na yangu yanaliwa na mwenye nafasi ya karibu.

Basi jana usiku natoka kazini nikakuta ujumbe wa Deo. "Kesho saa tatu asubuhi usikose mpira. Nimemtumia Neema link, weka kwenye TV." Nikaona ni yale yale. Yeye kila mara hunitaka nisikose, na nusu ya mara hizo namkodolea macho kwa saa tatu nzima akiwa ameketi kwenye kibanda anatafuna mbegu za alizeti. Nikajibu kwa kidole gumba, nikalala.

Leo nilikuwa na siku ya mapumziko. Nimeamka, nimechemsha chai, nimefungua simu. Na wa kwanza kunisalimia alikuwa Bi Mkubwa. Picha ya Deo yuko uwanja wa ndege, barakoa imeshuka kidevuni, begi begani, anacheka kwa meno yote. Chini yake mama ameandika kwamba kijana wao anapanda ligi kuu, na kwamba amempeleka yeye mwenyewe kwa gari lake, alfajiri, na amelia njia nzima.

Ligi kuu.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajaolewa na kitu hiki. Kuna ligi chini ya ligi chini ya ligi, ngazi nyingi kama za ghorofa lisilo na lifti, na Deo amezipanda na kuteremshwa utu uzima wake wote bila kufika ya juu. Juu kabisa ndipo huko. Warushaji kadhaa wa timu kubwa walikuwa wamekutwa na corona, wakahitaji mkono wa kushoto haraka. Ugonjwa uleule ulionifungia mume nje ndio uliomfungulia mlango. Na habari hiyo, ambayo nimeisubiri naye tangu tukiwa wachumba, nimeisoma kwenye ukurasa wa mwenye nyumba wake, nikiwa mtu wa sitini na ngapi kuipenda.

 Nilipaswa kupiga magoti nishukuru. Nilichofanya ni kuizima simu na kuitupa kwenye kapu la nguo chafu.

Nikasema moyoni, kama habari aliipata yeye kwanza, basi na mechi aitazame yeye.

Saa tatu ilipokaribia, Neema akaacha darasa lake la mtandaoni akaunganisha laptop kwenye TV. Ana miaka tisa, mambo hayo kwake ni kama kuvaa viatu. Bibi akajifunga kitenge vizuri kama anakwenda misa. Wakaniita. Nikawaambia natoka sasa hivi, nasafisha bafu.

Na kweli nilisafisha. Nyumba hizi za kupanga zina ukungu mweusi katikati ya vigae, hautoki hata ukiuombea. Nilipiga magoti na brashi ya meno kuukuu na dawa ya kuchoma pua, nikafungulia maji kwa nguvu. Nilisugua kwa hasira ambayo vigae havikustahili. Nilikuwa nazungumza naye kichwani, nampangia maneno, wewe Deo, wewe. Nilipomaliza ukuta mmoja nikahamia wa pili.

Kisha nikasikia Neema. "Mum! It's Dad! He's coming in!"

Na Bibi: "Mama Neema! Kuya mbio! Bamemuweka! Bamemuweka mutoto yangu!"

Ni hatua chache tu kutoka bafuni mpaka sebuleni. Mlango wenyewe haufungiki vizuri, ungeweza kusukumwa kwa kidole. Nilisimama. Naapa nilisimama, brashi mkononi. Halafu nikaliona kichwani lile gari, yule mama kwenye usukani, Deo pembeni yake anamsimulia yote yaliyotokea, na mimi huku sijui kitu. Nikapiga magoti tena. Nikaongeza maji.

Neema akagonga. "Mum, hurry up!" Nikamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nakuja, mama."

Sikwenda.

Nikasikia ukimya, kisha kelele za watu wa kwenye TV, kisha vigelegele vya Bibi, vile vya harusi, virefu, mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Nikajua amefaulu. Nikajua pia yamekwisha, maana kazi yake haichukui muda mrefu. Maji yakaendelea kumwagika. Hasira hasara, nimewafundisha wenzangu wote methali hiyo kazini, na mwenye kuifundisha ndiye huyo amelowa magoti.

Video ipo, najua. Naweza kuitazama hata mara mia. Lakini kutazama kitu ambacho kila mtu ameshajua mwisho wake si kutazama. Yeye alikuwa amesimama pale juu ya kile kichuguu cha udongo wanaporushia mpira akijua niko naye, na mimi nilikuwa nimemkimbia kwa makusudi.

Mchana akapiga, kwa simu ya Bibi kwa kuwa simu yangu ilikuwa bado kwenye kapu. Alikuwa hotelini, macho mekundu, anaongea Kiswahili na Kiingereza na Kirundi cha utotoni vyote pamoja. Akasema aliambiwa usiku wa kule, mimi nikiwa kazini huku, na alinyamaza kwa sababu ya yale ya zamani. Nilikuwa nimeyasahau. Miaka ya nyuma aliwahi kuitwa hivihivi, nikatangazia ukoo mzima mpaka Morogoro wakafanya ibada ya shukrani, na kabla hajapanda ndege wakamfutia. Nililia wiki nzima kwa aibu. "Sikutaka ulie tena," akasema. "Nilitaka uone kwa macho yako ndipo uamini. Dorothy ilibidi ajue, nani mwingine angenipeleka airport saa kumi usiku? Nilimwambia asiseme, akashindwa."



Halafu akasema, "Tena maskini hakuona. TV yake haina ile channel, amezunguka nyumba nzima na redio akitafuta mawimbi mpaka basi. Mpigieni. Nimemwambia mke wangu atamsimulia kila kitu."

Tukampigia. Nisingeweza kukataa bila kusema sababu. Bi Mkubwa akatokea kwenye kioo, mdogo kuliko nilivyomdhania, amevaa gauni la kulalia, mbwa mapajani. Huko kwake ulikuwa usiku na alikuwa amekaa macho akitusubiri. Nikamsukumia simu Bibi. Bibi akasimulia na Neema akatafsiri.

"Alikuya polepole, kama mutu anaenda kwa komunyo," Bibi akaanza. "Akatema mate. Akashika kofia. Akamutazama ile muzungu ya fimbo kama vile anamudai. Akarusha! Muzungu akapiga hewa. Tena hewa. Ya tatu akasimama tu, anaangalia, mwamuzi akamufukuza!" Alisimama katikati ya sebule akaonyesha, kwa mkono wa kushoto, kama ule aliokuwa akimfunga Deo kwa kitambaa. Neema akawa anakimbilia maneno nyuma yake. Yule mama kule akafunika mdomo kwa viganja viwili, akalia. Na mimi nikiwa nyuma ya kiti cha Bibi, nikalia pia, kwa sababu ndipo nilipomwona Deo akirusha kwa mara ya kwanza leo.

Kisha Dorothy akaniuliza mimi. Wewe mkewe, wewe uliyesubiri miaka yote hii, ulijisikiaje alipoingia?

Neema akanigeukia. Bibi akakaa.

"Nilikuwa bafuni," nikasema.

Yule mama akacheka kwa huruma mpaka meno yakamlegea. Akasema hata yeye asingeweza kutazama! Mumewe marehemu alipofanyiwa operesheni, alitoroka hospitali akaenda kuosha gari mara mbili. Akasema huo ndio upendo, mwanangu, upendo hauna macho ya kuvumilia. Akanibariki. Akasema Deo ana bahati.

Nikamwacha aamini hivyo. Nilitabasamu hata.

Simu ilipokatika Bibi hakucheka. Alikunja kitenge chake taratibu. "Weye haukuogopa," akasema. "Ulikasirika. Nilisikia ile maji." Akaongeza, "Umuambie bwana yako weye mwenyewe, kabla mutoto amuambie."

Neema ameshalala sasa. Hajaniuliza kitu mchana wote, na amenitazama sana.

Hatujui Deo atabaki juu mpaka lini. Wale wagonjwa wakipona, watamteremsha, na pengine simu ile haitalia kwa ajili yake tena. Pengine leo ndiyo ilikuwa yote. Kama ni hivyo, ameivuka akidhani mkewe alijifungia kwa kumpenda kupita kiasi. Atakuwa ameshaambiwa na Dorothy, maana huyo mama hana siri. Atawasimulia wenzake kwenye kibanda. Atazeeka anaisimulia.

Kesho asubuhi atapiga, na nitapokea mwenyewe. Nitamwambia haukuwa woga, ulikuwa wivu. Woga nimeanza kuusikia sasa hivi.