Namba Moja wa Mpanda

Jumapili, 11 Julai 1976. Asubuhi baridi kali, mchana upepo na vumbi. Moyo mzito tangu nilipoamka.

Leo nimeacha kuwa namba moja. Hakuna aliyenishinda, ni muda tu umekwisha.

Nieleze vizuri, ili nikisoma mwakani nisijifanye nimesahau. Miaka miwili iliyopita padri wa misheni alitugawia magazeti ya michezo ya Ulaya, yamechelewa miezi. Humo tulisoma jinsi wanaume wanaocheza tenisi ya kulipwa wanavyopangwa siku hizi. Zamani wakubwa wa mchezo na waandishi walikuwa wakikaa na kuchagua kwa maoni yao nani bora. Sasa kazi hiyo inafanywa na kompyuta. Kila shindano lina pointi zake, kubwa nyingi, dogo chache, na unapata kadiri ulivyofika mbali. Zinajumlishwa, zinagawanywa kwa idadi ya mashindano uliyocheza, na wastani huo ndio unaokupa namba. Mwenye namba nzuri anaingia mashindano makubwa bila kubembeleza mtu. Na shindano likitimiza mwaka, pointi zake zinafutwa.

Mimi na Gervas tulilipenda jambo hili kupita kiasi. Yeye mganga msaidizi wa hospitali, mimi karani wa mizigo stesheni. Kompyuta yetu ikawa daftari na penseli. Uwanja tulikuwa nao, wa udongo wa kichuguu, ulioachwa na wazungu wa mgodi. Neti ilikuwa wavu wa samaki kutoka Karema, ziwani, na mistari tuliichora kwa majivu. Tulianza watu wanne. Wawili wakahamishwa, tukabaki sisi. Kila Jumapili shindano dogo. Pasaka na Sabasaba ndiyo makubwa.

Gervas alikuwa namba moja karibu wakati wote. Alinizidi, basi, na mimi sikuwahi kulimeza hilo.

Sabasaba ya mwaka jana, seti ya mwisho, alipiga mpira ukaangukia mstari wa upande wangu. Kwetu mwenye upande ndiye mwamuzi. Niliona majivu yakiruka, na mpira ukigusa mstari ni ndani. Nikasema nje, nikapitisha kiatu pale pale kufuta alama, na mwisho nikashinda.

Nikawa namba moja.

Halafu nikafanya baya zaidi. Jumapili iliyofuata Gervas alipiga hodi, raketi mkononi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: nikicheza nikashindwa, wastani unashuka, nisipocheza, unabaki ulipo. Nikamwambia mgongo unauma. Jumapili ya pili, mgongo. Ya tatu akaja na dawa ya kuchua kutoka hospitali, akanichua mwenyewe, mgongo usiouma hata kidogo, nami nikiguna kwa uongo.

Wiki hiyo akapata barua ya uhamisho. Lindi.

Siku ya safari mimi ndiye niliyempimia mizigo. Akasema, "Kasiani ndugu yangu, treni bado sana. Tukapige hata gemu moja ya kuagana."

"Mgongo, Gervas," nikamjibu. Nikainama, nikanyanyua gunia lake la mchele peke yangu, nikalitupa juu ya mizani, kama ninavyofanya kila siku ya kazi.

Alinitazama. Aliliangalia gunia, akanitazama tena. Akapanda behewa.

Tangu siku ile hajaniandikia, wala mimi sijamwandikia. Nimekuwa namba moja mwaka mzima, na wa kucheza naye hakuna. Jumapili napiga mpira kwenye ukuta wa stoo ya zamani ya mgodi. Leo nikitoka, mama mwenye nyumba hapa Majengo amenicheka: "Baba wee, huo ukuta haujakuchoka tu?" Nimecheka naye. Nilipofika kule nimekaa chini, sikupiga hata mpira mmoja.

Ninamkumbuka. Nimekataa kuliandika neno hilo mwaka mzima, leo nimeliandika.

Niliporudi nimefungua daftari na kufuta pointi za Sabasaba ya mwaka jana, kama kanuni inavyotaka. Jina langu halina pointi, na la Gervas halina. Nilidhani kufuta kutanipa nafuu. Pointi zimekwenda, uongo umebaki.

Basi nimeandika barua. Nimechana kurasa tatu za kuulizia afya, mvua na ndugu. Iliyobaki ina mistari miwili: Mpira ule uligusa majivu, niliuona. Na mgongo haukuwahi kuuma.

Bahasha nimeifunga, jioni hii nimeitumbukiza kwenye sanduku la posta. Kesho mifuko ya barua italetwa stesheni, na mimi ndiye ninayeipakia kwenye treni. Najijua. Nitasimama na mfuko mikononi, hakuna anayetazama, na mdomo wa mfuko umefungwa kwa kamba tu, kuichomoa barua ni rahisi.

Mungu wangu, kesho niutie behewani nikiwa nimefumba macho.