Msimamo wa Kundi

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu za Makole. Bibi yako bado anakohoa, na mvua imekatika mapema.

Umeniuliza kaka yangu Yohana aliniambia nini siku yake ya mwisho. Nimefungua shajara yangu ya mwaka ule. Jioni ile nilikuwa naye wodini, hospitali ya Mvumi, tukisikiliza redioni timu ya taifa ikicheza mechi ya tatu ya kundi. Tulihitaji ushindi, tukatoka sare.

“Mdogo wangu, nikwambie kitu.”

“Ngoja nimalize kuandika msimamo.”

“Msimamo wa nini, nasi tumeshatolewa?” Akacheka, akageukia ukutani.

Nilipomaliza alikuwa amelala, na hakuamka tena.

Msimamo ninao hapa, timu nne, pointi zote sahihi. Chini yake niliacha mistari mitupu.

Babu yako