No-zan-fan

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Kwaya imeshika mstari wa kwanza! Madam Odile, mke wa daktari wetu wa misheni, Mswisi, ndiye aliyenifundisha wimbo huu wa Kifaransa wa kwao. Amejifungua, hatoki nyumbani. Baba yake, pasta mzee, anakuja Njoro Jumapili kumbatiza mtoto, naye Madam anataka asikie Kifaransa kanisani kwetu. Aliniambia: Rahab, wewe ndiwe utakayesimama mbele.

Basi nimekata maneno ubaoni kama alivyonikatia. Nos enfants, watoto wetu — no-zan-fan. Ile s ya neno la kwanza inahamia kwa jirani. Herufi za mwisho zimekaa tu, hazisemwi. Sauti ipite puani. Besi wakacheka mpaka machozi.

Na Seigneur, yaani Bwana! Midomo ya kupuliza moto, ndani useme e. Hiyo huwezi kuiandika. Nikawaambia, angalieni mdomo wangu. Wakaangalia. Wakaweza!

Mzee Ephantus wa baraza la wazee akapita, akaniona mbele ya wanaume na kijiti cha kuongozea mkononi. Akakohoa. Nakijua kikohozi hicho.

Jumatano, 7 Agosti

Ndiyo hiyo. Baraza limekaa. Eti mwanamke hashiki kijiti mbele ya wanaume kanisani. Shuleni sawa, kanisani hapana! Peterson, karani wa kanisa, ndiye atakayeongoza. Mimi nikae nyuma ya besi — ila niimbe kwa nguvu, wanisikie.

Lo! Sauti yangu wanaitaka, uso wangu hawautaki. Hivi Mungu aliniumba kwa vipande?

Ijumaa, 9 Agosti

Mazoezi na Peterson. Si mtu mbaya. Alininong'oneza kwamba hiki kitu hakijui, nimsamehe. Nimsamehe nini? Yeye ametumwa tu. Lakini alipiga kijiti kwa kila herufi, zile za kimya pia, kama katika nyimbo zetu za Kiswahili. Wimbo ukawa magari mawili yaliyogongana.

Tulipofika Seigneur, besi wakageuka nyuma kutafuta mdomo wangu. Mmoja, kisha wote. Alto nao wakageuka. Peterson akabaki anaongoza migongo!

Mzee Ephantus akasimama kwenye benchi lake. Akafoka kwamba nawafundisha watu mgomo. Jumapili wakigeuka tena mbele ya mgeni, mimi nafungiwa meza ya Bwana mwaka mzima.

Mwaka mzima! Kwa kosa la kuwa na mdomo! Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Madam sijamwambia. Mtoto ana homa.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika haraka, nyuma ya kanisa. Gari la daktari limefika. Yule pasta mzee ameshika kofia, anamtabasamia kila mtu. Madam amemwonyesha mimi kwa kidole! Anadhani nitasimama mbele.

Nimemwita Kiptanui, kiongozi wa besi. Nimemsihi watazame mbele, wimbo uharibike, liwe liwalo. Sitaki kukaa mwaka mzima nikipitwa na mkate kama mpagani. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hiyo neno tulishika kwa mdomo yako. Sisi tutageuka."

"Kiptanui, mgeni ataona migongo!"

"Aone."

Akaenda zake kupanga watu.

Kengele inalia. Midomo imenikauka kabisa. Nailowesha, iwe tayari kwa Seigneur.