Breki ya Isidore

Bunia, Nyakasanza, tarehe 12 Aprili 1984

Kwako Yaya Isidore, uliye kama kaka kwetu,

Pokea salamu kutoka kwetu sote, kila mtu na zake. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye kazi, maana shofere mmoja aliyeendesha lori kutoka Mambasa alituambia kwamba sasa unatengeneza baiskeli karibu na soko na kwamba watu wanakufuata. Ile homa iliyokushika wakati wa Noeli imekwisha kabisa? Umepata nyumba isiyovuja? Siye tuko wazima. Mama anauza maharagwe yake kama kawaida. Michel amekuwa mrefu mpaka suruali zote zimemwacha. Mimi niko darasa la tatu la sekondari. Mguu wa Baba umeunga vizuri, anatembea na fimbo, na siku nyingine anaisahau fimbo yenyewe.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu uondoke mwaka jana hakuna mtu wa nyumba hii aliyekuandikia, na sababu unaijua. Kamyo ya Bwana Gaspard, lori lile alilokuwa akiliendesha Baba, ilipogonga mti uliolala njiani ikaanguka kwenye mteremko wa Lolwa, Baba alisema breki zilikataa, na breki zilikuwa zimekazwa na wewe uliyekuwa fundi wa gereji yake. Bwana Gaspard alikufukuza siku ileile, na kila gereji ya Bunia ikapata habari. Ulipopita kutuaga, mimi nilibaki mlangoni na kitabu changu bila kusema neno. Unanijua nilivyo. Leo nina jambo ambalo lazima ulijue, lakini nikilitanguliza hutaelewa nimelipataje. Naomba univumilie nilieleze tangu mwanzo.

Unakumbuka magari ya waya uliyotufundisha kutengeneza? Yamezaa. Siku hizi watoto wa barabara yetu nzima wanashindana, na kiwanja ni uani kwetu. Kila mtu lazima aige kamyo ambayo ameiona kweli kwa macho yake, si ya kuota. Dominique, mtoto wa jirani, ameunda moja ndefu yenye pua nyekundu na vifuniko vya chupa kuwa taa. Michel amekata magurudumu kwenye soli za sandali na kuyachonga meno ili yashike matope. Mimi niliiga ile ya Baba. Ubavu wake ni bati la bidoni ya mafuta, resori zake, yaani springi, ni mbavu za mwavuli nilizozifunga pamoja, na juu ya kioo niliandika kwa wino maneno yaleyale, Tutaonana Mambasa. Breki niliiweka kama ulivyonionyesha, kipande cha mpira wa baiskeli kinachobana gurudumu la nyuma, na uzi unaopanda kando ya mti wa usukani hadi kwenye kidole cha mwendeshaji. Ulisema gari lisilo na breki si gari. Niliandika maneno hayo kuwa sheria ya kwanza, kwa sababu wenzangu, walipoona kwamba siwezi kukimbia wala kupiga kelele, walinipa kazi ya kutunza sheria. Dominique ananiita Mama Prefe, kama mkuu wa shule.

Mwanzoni Baba hakututazama. Aliketi kwenye kiti chake na mguu umenyooshwa juu ya kigogo, ukuta ukiwa kushoto kwake na sisi sote kulia. Tulidhani ni kwa sababu ya mguu. Siku moja, bila kugeuka, alisema kwa sauti, "Hii kamyo yenu inakimbia bule? Iko na muzigo gani? Nani atalipa mazutu?" Hata dizeli hatukuwa tumeifikiria. Akasema tena kwamba duniani hakuna patro mwenye gari anayetuma kamyo tupu mpaka Mambasa. Basi tukashona vifuko vya mchanga na kupakia. Kwenye kona ya kwanza resori za Dominique zilivunjika na gari lake likalala kifudifudi. Baba alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona nani anacheka hivyo, maana tangu Lolwa hatukuwa tumekisikia kicheko kile.

Kuanzia siku hiyo mchezo ulikuwa wake kama wetu. Alitufanya tumwage maji barabarani ili tupate matope ya kweli. Alitaka daraja la mto Ituri liwe mbao mbili tu. Alisema gari likikwama, anayefuata haruhusiwi kulipita bali ashuke asukume, kwa sababu ndivyo watu wanavyofika. Akiona mtu anakata kona kwa haraka alimfokea, "Weye mutoto, kamyo yenye muzigo hapana ruka kama mbuzi!" Nilikuwa ninaandika kila neno na kurekebisha sheria. Nitasema ukweli, Yaya Isidore, sikumbuki mchezo nilioufurahia kuliko huu.

Lakini kuna sheria moja ambayo inaniaibisha. Gari liliposhindwa kusimama kwenye mteremko, wenzangu walipiga kelele, "Breki ya Isidore!" Dominique ndiye aliyeanzisha, na baadaye hata watoto wadogo wasiokujua walikuwa wanaimba hivyo. Mimi ninayekujua nilicheka, tena nililiandika katika sheria: mwenye breki ya Isidore anarudi Bunia kuanza upya.

Wiki iliyopita Michel alisema barabara ya kweli ina miti inayoanguka. Alilaza tawi chini ya mteremko, upande wa kushoto, likafunika nusu ya njia. Kila mmoja wetu alijua mteremko ule ni wapi, ila hakuna aliyethubutu kutaja jina mbele ya Baba. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Acheni tawi lilale pale. Njia ni njia." Kisha akasimama, akaomba usukani wangu. Alisema daktari amemwagiza autembeze mguu, na afadhali autembeze kwa kazi.

Ungekuwepo ungefurahi. Aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na fimbo, na alikuwa anatuita abiria. Matope aliyapita vizuri, daraja alilipita bila kugusa ukingo. Akateremka polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye fimbo, na akalikanyaga tawi katikati. Gari likapinduka, mchanga ukamwagika. Wote wakapiga kelele, "Muzee, breki ya Isidore!" Naye akacheka akasema ndiyo, ndiyo, breki.

Mimi sikucheka. Nilikuwa upande wake, na kazi yangu ni kutazama vidole. Kidole chake hakikuuvuta uzi. Hakikujaribu.

Jumapili, baada ya misa, wenzangu walikwenda kutazama mpira. Nilimwomba Baba ajaribu tena, nikamwambia nimebadilisha resori. Mara ya kwanza niliweka tawi upande wa kulia. Alivuta uzi mapema, akasimama mbali nalo, akanisifu kwa breki. Alipokuwa anarudi juu nililihamishia kushoto. Alilipanda kama wiki iliyopita. Akauliza kwa nini gari limelala, nikasema limegonga tawi. Akauliza, "Tawi gani?" Lilikuwa karibu na mguu wake wa kushoto.

Yaya Isidore, Baba akaniambia niende kushoto kwake. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akaniuliza kama bado niko pale. Nikamjibu kwamba niko. Akanyoosha mkono kunitafuta, na mkono ukapita mbele ya uso wangu.

Tuliketi chini, naye akanieleza. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu kabla ya mvua za mwaka jana. Aliogopa Bwana Gaspard akisikia atampa mtu mwingine kamyo, akafikiri jicho moja litatosha kwa njia anayoijua. Pale Lolwa hakuuona ule mti. Alikanyaga breki baada ya kusikia kishindo, na zilishika. Alirudia neno hilo, zilishika. Ni kamyo iliyokuwa imekwisha kuuparamia mti. Walipomuuliza alisema breki, kwa sababu lilikuwa neno la karibu, na alipotaka kulirudisha wewe ulikuwa umekwisha kuondoka.

Kwa hiyo breki zako zilikuwa nzima. Ndilo jambo nililotaka ulijue.

Baba aliniomba nisimwambie Mama wala mtu yeyote, nikaitikia kwa kichwa. Lakini Bwana Gaspard amenunua kamyo nyingine, na Jumatatu ijayo Baba alikuwa aanze nayo safari, mzigo chini na abiria juu yake, kama ujuavyo. Siku tatu sikuweza kusoma. Kusema mbele ya watu siwezi, bali kuandika naweza, basi nikaandika barua hii mpaka kwenye neno "nzima" hapo juu. Asubuhi ya leo niliiweka mkononi mwa Baba kabla ya kwenda shule. Nilimwambia kwamba sitaituma bila yeye kujua, ila nitaituma. Ni maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumwambia.

Niliporudi nilimkuta mlangoni. Alikuwa amevaa shati lake la safari, nami nikaogopa. Kumbe alikuwa ametoka kwa Bwana Gaspard. Amemweleza yote, ya jicho na ya breki, mbele ya mafundi wa gereji waliokuwa wanakula. Bwana Gaspard alimwomba funguo. Mama sasa anajua pia. Analia kidogo na kupika sana.

Baba alinirudishia barua. Alikuwa ameisoma yote, kichwa amekigeuza pembeni kama kuku anayetazama punje, na mimi nilikuwa nimemwona akisoma hivyo mwaka mzima bila kujiuliza. Nilitegemea anikemee. Alisema tu kwamba kuna mahali nimekosea, na sharti nirekebishe kabla ya kuituma. Nilimuuliza ni wapi. Akasema, "Hiki kitawi chenu. Watu wataamini ule muti ulikuwa mudogo. Haukuwa mudogo. Ulikuwa munene, mutu akisimama huku hapana ona mwenzake kule. Shofere mwenye macho yake angeuona tangu juu ya mulima. Andika hivyo, Isidore ajue."

Basi nimeandika.

Amesema pia hatakuita urudi Bunia, maana hana uso wa kukuita, ingawa gereji sasa wanajua. Yeye ndiye atakuja. Mvua zikipungua atapanda kamyo ya mtu mwingine, aketi juu ya magunia na abiria wengine, aje akusalimu. Ukimwona anashuka, simama upande wake wa kulia.

Sheria ile nimeifuta. Jioni hii Dominique alianza kupiga kelele zake kwenye mteremko, na Michel akamwambia kwamba breki ya Isidore ni ile inayoshika. Sasa wanabishana huko nje, nawasikia.

Mama anakusalimu na amekutumia maharagwe kidogo kwa shofere huyuhuyu. Michel anaomba kipande cha mpira mwembamba wa baiskeli, ukiwa nacho. Tusalimie wote wanaokutunza huko, na ukipata nafasi utujibu, hata kama ni maneno machache, hata kama ni ya hasira.

Ni mimi mdogo wako,
Masika